Nyumba Iliyoachwa Safi

Ukitaka kumuudhi Kahonzi wa Sabaki, mwambie wageni wamekwenda zao na nyumba wameiacha safi. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Yeye hutua ndoo chini, akaweka mkono kiunoni, akauliza ni nani aliyewatuma. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa mwanamke anayelipwa kwa uchafu wa watu, na watu wenyewe hawakutegemeka hata katika kuchafua.

Nyumba zilikuwa tatu, zimepangana nyuma ya ufuo kusini mwa mji wa Malindi, kuta nyeupe, paa za makuti, sakafu za saruji nyekundu. Mwenyewe alikuwa daktari wa Nairobi ambaye Kahonzi hakupata kumwona ila mgongo tu, siku moja alipokuwa akiingia garini. Zilikodishwa kwa wageni wa wiki moja, wiki mbili: Wazungu kwao kukiwa na baridi, na watu wa bara shule zikifungwa. Aliyeziangalia ni Gerishom, mtu wa Kakamega, mwembamba, mwenye baiskeli nyeusi na kishada cha funguo kiunoni ambacho hulia kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Mwanzoni Kahonzi alikuwa na mshahara wa mwezi. Ulikuwa mdogo, ndiyo, lakini ulikuja, nyumba ichafuke isichafuke. Kisha mwaka wa themanini na tano daktari akapata akili mpya huko aliko, akaleta kitu kinaitwa pesa ya usafi. Mgeni akifika anaiacha kwa Gerishom, mbali na kodi. Siku ya kuondoka Gerishom anakuja kukagua. Nyumba ikiwa chafu, pesa inabaki, nusu ya daktari na nusu ya Kahonzi aliyesafisha. Nyumba ikiwa safi, mgeni anarudishiwa pesa yake, na Kahonzi anarudi Sabaki mikono mitupu. Mshahara ukafutwa.

"Sasa utalipwa vile unafanya, mama," Gerishom alimwambia siku hiyo, na akatabasamu. "Hiyo ni haki."

Haki! Kahonzi alilitafuna neno hilo njia nzima mpaka darajani, na hata leo hajalimeza. Maana tazama mambo yalivyokuwa. Wazungu walikuwa hawana habari ya kurudishiwa. Wamelipa, basi, na kwa kuwa wamelipa, walichafua mpaka pesa yao ionekane. Mchanga vitandani. Mafuta ya kujikinga na jua ukutani, alama za mikono mizima, kama waliotaka kupanda juu. Maganda ya kamba chini ya viti, yaliyosahauliwa tangu Jumanne, ambayo huna haja ya kuyatafuta, unafuata pua. Hiyo ilikuwa kazi ya kutwa nzima kwa magoti, kwa nusu ileile. Watu wa bara nao waliielewa pesa ile vizuri mno. Walikuja na watoto na mashangazi na sufuria zao, na asubuhi ya kuondoka wakaipigia nyumba deki wenyewe ili pesa irudi mfukoni. Mchafu alimchosha na msafi alimlaza njaa, na mgeni wa katikati, anayechafua kwa kiasi cha kibinadamu, hakuwahi kuja.

Haya yote Kahonzi aliyavumilia kwa kunung'unika tu, hadi ulipofika mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, na suala la paa.

Nyumba yake ya Sabaki ilikuwa na makuti yaliyozeeka. Ukilala chali uliona nyota, nawe hukutaka kuziona. Mumewe, Ngala, alikuwa kibarua wa chumvi huko Marereni, na kazi ya chumvi inajulikana: mvua ikianza maji hayakauki kwenye mabwawa, na vibarua wanaambiwa warudi kwao mpaka waitwe. Kwa hiyo mwezi ule ambao paa linahitaji pesa ndio mwezi ambao Ngala hana pesa. Kila mwaka waliweka sufuria chini ya matundu na kulala baina ya sufuria. Lakini mwaka huo binti yao Sidi, aliyeolewa Kibarani, alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia mtoto wa kwanza kwa mamake, kama walivyozoea kufanya katika ukoo wao. Tumbo lilikwisha kushuka. Kahonzi alihamisha kitanda cha Sidi upande wa mashariki, tundu likaonekana. Akakihamisha upande wa magharibi, likaonekana jingine kubwa zaidi. Mtoto mchanga hawekewi sufuria. Kila mawingu yalipokusanyika juu ya bahari alihesabu upya pesa zake.

Utasema mwanamke wa pwani si asuke makuti yake mwenyewe. Angesuka, kama angekuwa na minazi. Minazi ya ukoo ilikuwa kwa shemeji yake, mtu ambaye hatoi hata kuti lililokwisha kuanguka. Kwa hiyo ilibidi kununua kwa Baya, muuza makuti, na mwaka huo hata Baya alikuwa amepandisha kichwa, kwa sababu kulikuwa na hoteli kubwa inajengwa mjini na hoteli ile ilikuwa ikimeza makuti ya wilaya nzima. Wageni hutoka kwao kwenye nyumba za mawe, wakifika Malindi hawataki kulala ila chini ya makuti, na mwenye kulala chini ya makuti miaka yote anayakosa.

"Mwalamukadze," Kahonzi alimwamkia asubuhi ya Jumatatu, na baada ya kuulizana hali akaenda kwenye jambo. Makuti yake yalikuwa pembeni, yamefungwa, yamewekewa jiwe.

"Nimekuwekea kwa sababu ya Ngala," Baya alisema. "Mwingine nisingemwekea. Lakini Jumamosi lori la hoteli laja. Ukija na pesa kabla halijaondoka, ni yako. Ukichelewa, utakwenda kuyatazama juu ya baa yao, na hata hapo watakuuliza wataka nini."

Karibu pesa yote Kahonzi alikuwa nayo. Aliikusanya tangu Krismasi. Ilibaki kidogo tu, nusu ya pesa ya usafi ya nyumba moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ikipakwa rangi na ya tatu ilikuwa tupu. Iliyokuwa na watu ni ya kati, nao wangeondoka asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo. Kahonzi alijiambia kwamba haiwezekani watu wakakaa wiki nzima ufuoni na mtoto mdogo wasichafue kitu. Hakuwa amemjua Mueni bado.

Mueni alitoka Machakos, mke wa Simeon, karani wa reli aliyekuja Malindi kulala usingizi na kusoma gazeti. Mtoto wao mmoja, Kasiva, alikuwa ndio kwanza anajifunza kukimbia. Kahonzi alifika kila asubuhi kufagia uwanja na kujaza mtungi, kazi ambayo haikuwa na malipo, ilikuja pamoja na ile haki. Siku ya kwanza alimkuta Mueni amekwisha kufagia uwanja.

"Aii, mama, hiyo ndiyo kazi yangu," Kahonzi akamwambia.

"Wewe pumzika. Umefanya kazi ya kutosha kwa hii maisha," Mueni akajibu. "Kuja ukunywe chai."

Akamkalisha kitini, si kwenye ngazi. Akammiminia chai katika vikombe vya nyumba, vile vyenye maua ya buluu ambavyo Kahonzi amevisugua miaka na hajapata kuvitia mdomoni. Akaketi karibu naye, akamuuliza habari za watoto, na aliposikia kuhusu Sidi akataka kujua yote, miezi mingapi, mguu unavimba, anakula nini. Tangu daktari ajenge nyumba zile hakuna mgeni aliyemuuliza Kahonzi kama ana mtoto. Na Kasiva akapanda mapajani mwake bila kuitwa, akaanza kuvuta shanga zake.

Hapo ndipo ilipokuwa taabu. Mueni alikuwa mtu mzuri, na alikuwa akimmaliza. Kila kijiko kilichotumika kilioshwa kabla hakijapoa. Mchanga wa miguuni mwa Kasiva ulikung'utwa mlangoni. Jiko la makaa lilitolewa majivu kila jioni, na majivu yakatiwa ndani ya debe nje, yakafunikwa. Mueni alieleza kwamba nyanya yake aliwachapa kwa kuacha sahani chafu usiku, na kwamba mpaka leo hawezi kulala kukiwa na kombo la chakula mezani. Kahonzi alimlaani yule nyanya moyoni, Mungu amsamehe, na akanywa chai.

Alijaribu kusema. Siku ya Ijumaa, kikombe mkononi, mawingu yamekuwa meusi upande wa Sabaki, alianza. "Mama Kasiva, hii pesa ya usafi mliyompa Gerishom..."

"Hiyo usijali," Mueni akamkatiza kwa furaha. "Tutarudishiwa yote. Nimeshamwambia Simeon tutanunulia Kasiva viatu nayo, hapo Mombasa."

Sasa mtu aseme nini? Amwambie mwenzake, chafua nyumba nipate kula? Amwambie viatu vya mwanao ni paa la mjukuu wangu? Kuna maneno ambayo mdomo haukubali kuyatoa mbele ya mtu aliyekupa chai. Kahonzi alisema viatu ni jambo zuri, na akamfuta Kasiva pua.

Jumamosi asubuhi waliondoka. Mueni alimkumbatia, Simeon akampa mkono, Kasiva akapunga mpaka walipopinda kwenye michongoma kuelekea steji ya basi la Mombasa. Gerishom alikuwa akiwangoja huko na pesa yao mfukoni. Angewaandalia viti, angekuja na baiskeli kukagua nyumba, na akiiridhia angerudi kuwapa chao kabla basi halijatoka. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Kahonzi akaingia ndani.

Ilikuwa aibu. Sakafu nyekundu ilikuwa imesuguliwa ikapakwa polishi mpaka ukaona miguu yako chini. Vitambaa vya jikoni vimefuliwa, vimeanikwa, vimekunjwa. Vikombe vya maua vimepangwa kwa safu, mikono yote upande mmoja. Mueni alikuwa ameosha hata ndoo ya Kahonzi, na ndani yake akamwachia kipande cha sabuni ya mche kilichobaki, zawadi. Kahonzi alifungua kila mlango akitafuta uchafu, chini ya vitanda, nyuma ya choo, juu ya kabati. Alipata buibui mmoja. Akakaa kwenye ngazi na sabuni yake mkononi, na hasira aliyokuwa nayo hakujua ampe nani. Mueni alikuwa hana kosa. Sidi alikuwa hana kosa. Gerishom alikuwa mtumwa wa daktari tu. Ngurumo ikapita upande wa mtoni, ya kwanza mwaka huo.

Akainuka akaenda kwenye debe la majivu.

Alichota kwa kifuu cha nazi, akachanganya na mchanga wa nje ili ionekane ni uchafu wa watu na si wa jiko pekee. Akaanzia chumba cha kulala. Nyuma ya mlango aliona fulana ndogo ya Kasiva imening'inia msumarini, imesahaulika; akaichomeka kiunoni kwenye leso ili ampe Gerishom awapelekee steji kabla basi halijaondoka. Kisha akainama na kuanza kumwaga, kidogo hapa, kidogo pale, akirudi kinyumenyume kuelekea sebuleni, kwa sababu Gerishom hakuwa mjinga na angeona nyayo za miguu mitupu juu ya jivu. Na alipokuwa akimwaga alisema. Yote aliyoyameza wiki nzima aliyatoa sasa kwa Kigiriama, kwa sauti ya chini: daktari na mgongo wake, hoteli na lori lake, shemeji na minazi yake, na hiyo haki, hasa hiyo haki.

"Mama."

Kahonzi aligeuka. Alikuwa ametega sikio muda wote asikie funguo za Gerishom, na funguo zilikuwa bado mbali, zinalia huko kwenye mchanga mzito ambako baiskeli husukumwa. Aliyesimama mlangoni ni Mueni. Basi lilikuwa limechelewa, ameikumbuka fulana, amepanda nyuma ya baiskeli ya Gerishom, na palipoanza mchanga akashuka akatangulia mbio.

Mueni hakuwa akimtazama usoni. Aliyatazama majivu, jinsi yalivyotoka kitandani alikolala na mtoto wake mpaka hapa mlangoni, bila unyayo hata mmoja. Akakitazama kifuu. Mwisho akatazama kiunoni.

"Hiyo ni nguo ya mtoto wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo Kahonzi alijiona jinsi anavyoonekana. Alijua wanayosimuliwa watu wa bara juu ya pwani kabla hawajapanda basi. Wanaambiwa wasile cha kupewa, wasiache nguo nje, waangalie kina mama wazee. Alikuwa akiyacheka maneno hayo kanisani pamoja na wenzake.

"Mama Kasiva, nisikilize," alisema. "Nachafua nyumba. Nyumba ikiwa safi mimi silipwi, mnarudishiwa nyinyi. Nami nahitaji ile pesa leo hii, nyumba yangu yavuja na Sidi yuko karibu. Basi. Hakuna zaidi."

"Unatembea kinyumenyume."

"Nisiache nyayo. Gerishom angejua."

"Na ulikuwa unasema maneno."

"Nilikuwa natukana."

"Unatukana nani?"

"Daktari," Kahonzi alisema, na hata yeye aliposikia aliona halikukaa vizuri.

Mueni alitikisa kichwa polepole, vile watu wanavyomkubalia mlevi aliyeshika panga. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mtu hawezi kumwaga uchafu ndio ausafishe tena," alisema. "Mama, mimi nilikukosea wapi? Si nilikupa chai?"

Kahonzi aliumia kwa neno hilo kuliko angetukanwa. Alichomoa fulana, akamnyoshea. Mueni akarudi nyuma hatua moja, mikono ameificha.

Funguo zikafika. Gerishom akasimamisha baiskeli ukutani, akaingia, akaona sakafu, akatazama mmoja akatazama wa pili.

"Ni nini hii?"

"Mama anasema amemwaga ndio alipwe pesa ya usafi," Mueni alisema. Alisema vile mtu anavyorudia jambo asiloliamini hata kidogo.

Gerishom akamgeukia Kahonzi. Uso wake ulianza kukaza, kwa kuwa yeye alimfahamu miaka mingi na jambo hili, kwa akili zake, lilianza kumwingia. "Ni kweli, Mama Sidi?"

Kahonzi alikuwa amekwisha kusema kweli mara moja, bure, kwa huruma tu, na kweli haikutakiwa. Sasa iliulizwa upya na mtu ambaye angeiamini. Akisema ndiyo, huo ni wizi. Kazi imekwisha, pesa hakuna, na makuti yanapanda lori. Akisema siyo, atakuwa mwongo. Akafikiri juu ya kitanda cha Sidi kinachohamishwa mashariki na magharibi. Akamtazama Gerishom, na hakujibu neno lolote.

Gerishom alikuwa mtu wa kukagua, mtu wa funguo, lakini alikuwa pia mtu wa mbali na kwao, anayelala peke yake katika chumba cha kupanga, na katika miaka yake ya pwani alikuwa amesikia mengi. Kahonzi aliona anateremsha macho na kutazama kiatu chake. Kilikuwa kimekanyaga jivu. Akakiondoa taratibu.

"Mpatie hiyo pesa," Mueni alisema. "Yote. Sitaki. Afagie tu. Mwambie atoe yote aliyomwaga, hata kidogo isibaki."

Gerishom alitoa pesa mfukoni. Hakumpa mkononi. Aliiweka mezani, akaisukuma kwa kidole, akatoka nje kwenye ngazi. Ya daktari na ya Kahonzi, nusu zote mbili zilikuwa pale, na hakuna aliyetaja nusu.

Kahonzi akafagia. Wale wawili walisimama nje wakimwangalia kupitia mlangoni. Alifagia tangu kitandani hadi kizingitini, akapiga deki, akapiga tena, na Mueni akamfuata kwa mbali mpaka alipomwaga taka, akangoja mpaka ndoo ikasuuzwa. Kisha akaondoka mbio kwenda kwa mtoto wake. Fulana ilibaki juu ya kiti. Kahonzi alimwomba Gerishom aipeleke steji, na Gerishom akasema baiskeli ina pancha. Baiskeli haikuwa na pancha.

Injini ya lori ilikuwa imewashwa alipofika kwa Baya. Alipata makuti yake, na Jumapili jioni vijana wa jirani walikuwa juu ya paa wakifunga. Mvua ilinyesha Jumanne, mvua ya kweli, na Sidi alijifungua mtoto wa kiume katikati yake akiwa mkavu kabisa. Ngala alirudi kutoka Marereni ameloa chapachapa, akasimama ndani ya nyumba akitazama juu, akauliza pesa ilitoka wapi. Kahonzi akamjibu imetoka kazini.

Ingekuwa imekwisha hapo, isingekuwa mdomo wa Gerishom. Daktari mwenyewe alimletea Kahonzi taabu moja, na Gerishom akaleta ya pili kwa kumwogopa huyo Kahonzi. Tangu siku ile hakuhesabu tena nusu. Iwe nyumba chafu, iwe safi, pesa ya usafi nzima ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha maua kilichofunikwa, ili asimpe mkononi. Daktari aliambiwa sijui nini. Na wageni wa bara wakifika, Gerishom aliwavuta pembeni akawanong'oneza, akitupa jicho kule Kahonzi alikoinama na fagio. Nao wakasafisha kuliko hata Mueni, na walipoondoka hawakuthubutu kuidai ile pesa.

Kwa hiyo sasa alilipwa kwa kutofanya kitu. Mtu angesema amefika. Yeye alikuwa akiwaka moto. Mwezi wa nane alimkabili Gerishom pale uwanjani, akamweleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Alisema yeye ni mtu wa kanisa. Alisema siku ile alimwaga jivu ili apate pesa kwa hila, kama mwizi, na aliponyamaza alinyamaza kwa ajili ya binti yake. "Mimi ni mwongo, Gerishom. Nifukuze kwa uongo. Lakini mchawi siye mimi."

"Ndiyo, mama," Gerishom alisema, akirudi nyuma na baiskeli yake. "Sawasawa kabisa, mama."

Fulana ya Kasiva aliifua akaiweka sandukuni. Mjukuu alipofikia kimo cha Kasiva Sidi aliiona, akataka kumvika, Kahonzi akamkataza na hakumweleza kwa nini. Hakujua anwani ya Machakos, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Krismasi ya mwaka uleule wa paa ilileta familia nyingine ya bara kwenye nyumba ya kati. Walikuwa na mtoto wa rika la Kasiva, naye, kama watoto walivyo, aliona shanga akaja mbio na mikono yote miwili mbele. Mamake alimwahi kabla hajafika, akamnyakua, akatabasamu sana, akasema, "Shikamoo, mama," kisha akaingia naye ndani na kufunga mlango. Siku zote walizokaa hakuna aliyemwita kwa chai.

Waliondoka alfajiri. Kahonzi alipoingia alikuta sakafu inang'aa, vitambaa vimekunjwa, vikombe vimepangwa, na kimoja kimefunikwa mezani peke yake. Akakifunua, akaifunga pesa kwenye pindo la leso. Kisha akachukua fagio, akaenda chumbani, akaanza kitandani. Alifagia chumba chote, akafagia ukumbi, akafagia chini ya viti, polepole, akitazama mbele, mpaka kizingitini. Akainama akatazama ndani ya kizoleo. Hakikuwa na kitu. Akakibeba nje hata hivyo, akaenda kukimwaga.